Msomaji Anauliza: Kilimia, Manazili na Nyota za Wajapani

Toleo lililopita tulichapisha picha ya dari ya kaburi la kale huko Japani, iliyopambwa nyota za dhahabu, na tangu hapo barua za wasomaji wa Unguja na Pemba zimekuwa nyingi kuliko nafasi ya safu hii. Tumechagua tano ambazo zinagusa jambo moja: nyota zilimaanisha nini kwa Wajapani, na maana hizo zinakaribiana vipi na zile tulizozizoea sisi.

*Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni dereva. Gari ninayoiendesha imetoka Japani, na mbele ina alama ya nyota sita ndani ya umbo la yai. Baba yangu, ambaye amelima Donge maisha yake yote, anashikilia kuwa hicho ni kilimia. Wenzangu wa kituoni wanasema ni nyota za bendera yao. Naomba mtukatie shauri. — Dereva, Mwanakwerekwe*

Wa alaykum salaam. Mzee wako amepatia, na hao wenzako waelezwe kwamba bendera ya Japani haina nyota hata moja, bali jua jekundu katikati ya weupe. Subaru ndilo jina ambalo Wajapani wamekiitia kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, tangu zamani sana. Sei Shonagon, bibi wa kasri aliyemtumikia mke wa mfalme mjini Kyoto na kuandika takriban mwaka 1000, alipotaja nyota zilizompendeza alianza na kilimia kabla ya nyingine yoyote. Alama ya gari ni jambo la juzi tu ukilinganisha na hayo: kampuni ilianzishwa mwaka 1953 na kampuni tano ambazo baadaye ziliunganishwa nayo, na ndiyo maana nyota moja ni kubwa na tano ni ndogo. Kampuni yenyewe iliitwa Fuji Heavy Industries hadi mwaka 2017 ilipojibadilisha jina na kufuata la gari. Wanasayansi wa Japani nao waliipa jina hilo hilo darubini yao yenye kioo cha upana wa mita 8.2, iliyojengwa juu ya mlima Mauna Kea huko Hawaii na kuanza kutazama anga mwaka 1999.

Hata hivyo, mzee wako, kwa kuwa ni mkulima, huenda akapendezwa zaidi na habari za visiwa vya Yaeyama, kusini kabisa mwa Japani, karibu na Taiwan. Huko yapo mawe yaliyosimamishwa na wazee ambayo kazi yake ilikuwa kupimia kilimia: mkulima alisimama mahali palepale kila mwaka, akatazama kilimia kimefika wapi kwa kulinganisha na jiwe, na kwa hayo akajua kama wakati wa kupanda umewadia au bado. Wahenga wetu walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Walikuwa wakiizungumzia ile takriban siku arubaini, kuanzia mwishoni mwa Aprili, ambapo kilimia hupotea katika mwanga wa jua. Mkulima wa Yaeyama na mkulima wa Donge hawakupata kuonana, lakini kalenda yao ilikuwa moja.

*Mheshimiwa Mhariri, katika vitabu vya falaki tulivyorithi kwa wazee wetu mna manazili 28, yaani vituo vya mwezi katika safari yake ya mbinguni, na buruji 12, yaani makundi ya nyota ambamo jua hupita kwa mwaka, kuanzia Hamali hadi Hutu. Nimesoma kuwa Wajapani nao wana manazili 28. Je, waliyapata kwa Waarabu, au Waarabu waliyapata kwao? Na je, waliyatumia kwa kutazamia mambo ya ghaibu? — Mwalimu wa skuli, Wete*

Si hivi wala si vile, Mwalimu. Wajapani waliyapata manazili kutoka China, na Wachina walikuwa nayo zamani mno: orodha yao kamili imekutwa juu ya kasha lililozikwa katika kaburi la mtawala mmoja takriban mwaka 433 kabla ya Kristo. Bara Hindi nako kuna manazili yao, 27 au 28, na manazili ya Waarabu yanakaribiana sana na hayo ya Kihindi. Kama chemchemi ya yote ni moja au la, wataalamu wamebishana kwa zaidi ya karne moja na bado wanabishana. Lililo wazi ni kwamba hesabu inafanana ilhali mpangilio unatofautiana. Thuraya, ambayo ndiyo kilimia, ni manzili ya tatu kwa Waarabu wanaoanza kuhesabu katika Hamali. Kwa Wachina na Wajapani kilimia hicho hicho ni cha 18, kwa sababu wao huanzia upande wa Sumbula, na wamekiweka katika kundi la Chuimilia Mweupe, mlinzi wa magharibi.

Ile picha tuliyoichapisha ni ya kaburi la Kitora, katika kijiji cha Asuka, mkoa wa Nara, la mwishoni mwa karne ya 7 au mwanzoni mwa karne ya 8. Chumba chake cha mawe ni kidogo hata mtu mzima hawezi kusimama wima ndani yake. Mwaka 1983 watafiti walipenyeza kamera nyembamba kwenye tundu, na wakamwona ukutani kobe aliyezongwa na nyoka, ambaye ni mlinzi wa kaskazini. Mwaka 1998, kwa kamera iliyo bora zaidi, ndipo dari ilipoonekana. Nyota zake ni vipande vidogo vya jani la dhahabu vilivyobandikwa juu ya chokaa, vikaunganishwa kwa mistari myekundu ili kila kundi lijulikane, na juu ya hayo yote yamechorwa maduara makubwa, mojawapo likionyesha njia ya jua na jingine Ikweta ya mbinguni. Baadaye kuvu ilianza kuila michoro, ikabidi itolewe ukutani kipande kwa kipande na kuhifadhiwa pengine.

Kwa nini mtu azikwe chini ya ramani ya mbingu? Jibu liko katika siasa kuliko katika dini. Kwa mafundisho ya Kichina, mbingu ni dola. Katikati yake, mahali ambapo anga halizunguki, amekaa mfalme wa mbinguni, na nyota zinazomzunguka ni mawaziri, askari, maghala na hata jela yake. Mfalme wa duniani hukaa kwa mfano huo, na wapo wanahistoria wanaoona kwamba hata cheo cha *tenno*, wanachomwita mfalme wa Japani hadi leo, kimetokana na jina la nyota hiyo ya katikati. Mfalme Temmu, ambaye ndiye anayehusishwa zaidi na kuimarika kwa cheo hicho, alijenga mnara wa kutazamia nyota mwaka 675. Sheria za dola zilizofuata zilimkataza raia kumiliki vitabu na vyombo vya falaki nyumbani kwake, na mtumishi aliyeona jambo geni mbinguni alipaswa kuliandika, kulifunga kwa lakiri na kulipeleka kwa mfalme peke yake. Kutazama juu kulihesabiwa kuwa siri ya serikali, kama ilivyokuwa China.

Swali lako la mwisho ni zito. Sisi tunatenganisha falaki ya kujua nyakati, miandamo na kibla na utabiri wa mambo ya ghaibu, ambao wanazuoni wetu wameukataza. Idara ya kasri iliyoitwa Onmyoryo haikutenganisha: kalenda, saa, nyota na ubashiri vilikaa chini ya paa moja. Mtu wake mashuhuri kuliko wote ni Abe no Seimei, aliyeishi kuanzia mwaka 921 hadi 1005, ambaye visa vyake vimekuzwa mno hata imekuwa taabu kumjua mtumishi aliyekuwapo kweli nyuma ya mchawi wa hadithi. Lakini idara ya namna hiyo, kwa kuwa iliogopa kila badiliko la mbinguni, iliandika kila kitu. Mwaka 1230 mshairi Fujiwara no Teika, aliyeshtushwa na nyota ngeni ya wakati wake, alinukuu katika shajara yake orodha ya nyota ngeni za kale, na mojawapo ni ile ya mwaka 1054 iliyozuka karibu na pembe ya Thauri. Wataalamu wa nyota wa leo wanajua kuwa hiyo ilikuwa nyota iliyopasuka, na mabaki yake yanaonekana kwa darubini pale pale alipopataja.

Ama buruji zako 12, hizo nazo zilifika Japani, na mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kukai, mtawa wa Kibudha aliyerudi kutoka China mwaka 806, alileta kitabu cha nyota chenye asili ya Bara Hindi, na ndani yake mlikuwamo buruji zilizotoka Babeli zikapita kwa Wayunani na Wahindi. Katika michoro ya nyota iliyotumiwa kwenye ibada za Kibudha utawakuta Nge, Kaa, Mizani na Mapacha wamekaa duara moja na manazili 28. Kwa hiyo, Mwalimu, kuhusu buruji chimbuko letu na lao ni moja, ila sisi zilitufikia kwa njia ya Waarabu.

*Bwana Mhariri, hayo ya wafalme tumeyasikia. Wavuvi wao je? Sisi huku tukitoka usiku tunaijua Suheli, nyota angavu ya kusini, na tunajua kilimia. Wao wanatumia nini? — Mvuvi, Nungwi*

Swali hili nimelifurahia kuliko yote, kwa sababu vitabu vingi huishia kasrini. Kwa mvuvi na mkulima wa Japani kulikuwa na anga la pili, lenye majina ya vitu vya nyumbani, ambalo hakuna mtumishi wa mfalme aliyejali kuliandika. Mengi tunayoyajua tunayadai kwa Nojiri Hoei, aliyeishi kuanzia mwaka 1885 hadi 1977 na kutumia sehemu kubwa ya umri wake kukusanya majina ya nyota kutoka vinywani mwa wazee wa bandari na vijiji. Ndiye pia aliyependekeza jina ambalo Wajapani hulitumia kwa Pluto.

Lile kundi ambalo kwenye buruji ni Nge, wavuvi wa bahari ya ndani ya Seto waliliona ni ndoana. Ukilitazama mwezi wa Julai baada ya Isha, likiwa juu upande wa kusini, utakubaliana nao: mkia unashuka, unajikunja na kurudi juu, ndoana kamili. Wengine waliliita nyota ya kuvulia *tai*, ambalo kwa Kijapani ni jina la samaki mwekundu anayefanana na changu na ambaye hakosekani kwenye sherehe zao.

Nyota isiyosogea, ambayo manahodha wetu wa zamani waliiita Jaa, wao wana kisa chake. Wanasimulia kuwa nahodha mmoja wa Osaka aliyeitwa Tokuzo aliamini, kama kila baharia, kwamba nyota ya kaskazini haiondoki mahali pake. Mkewe, akifuma usiku akimngoja, aliiona nyota ile kupitia mbao za dirisha, na baada ya kitambo ikawa imejificha nyuma ya ubao. Hakuliamini jicho lake. Usiku mwingine alikaa ndani ya beseni la maji ya baridi ili usingizi usimchukue, akaitazama mpaka alfajiri, na mumewe aliporudi akamwambia kuwa nyota yake inasogea, kidogo tu, lakini inasogea. Mwanamke yule wa hadithi alisema kweli: nyota ile haiko hasa kwenye ncha ya anga, na karne chache zilizopita ilikuwa mbali zaidi na ncha kuliko ilivyo leo.

Sasa Suheli. Kwenu Nungwi mwezi wa Februari saa tatu usiku Suheli iko nusu ya anga upande wa kusini, inang'aa, na haina la kumtisha mtu. Lakini ukiwa Mera, bandari ndogo kwenye ncha ya rasi ya Boso kusini-mashariki mwa Tokyo, Suheli haipandi zaidi ya upana wa kidole au viwili juu ya bahari, tena kwa saa chache za majira ya baridi, halafu inazama. Kwa kuwa iko chini hivyo, mwanga wake huwa mwekundu na unatikisika. Wavuvi wa pwani ile waliiita Nyota ya Mera na wakasema ni roho za wavuvi wa Mera waliozama, na ikionekana, dhoruba iko njiani. Wasomi waliofuata mafundisho ya Kichina waliitazama nyota hiyo hiyo wakaiita Mzee wa Kusini, mleta umri mrefu, na kati ya miungu saba ya bahati wanayoipenda Wajapani wapo wazee wawili wanaosemekana kuwa ndiyo nyota hiyo. Nyota moja, nchi moja, na maana mbili zilizopishana kabisa. Mimi ukinilazimisha kuchagua ningeisadiki ya wavuvi, maana wao ndio walioikodolea macho wakiwa chomboni.

*Mhariri, katika sinema za Kijapani naona mashujaa wana alama za maduara juu ya nguo, duara kubwa limezungukwa na madogo. Je, ni nyota? — Mwanafunzi wa chuo, Tunguu*

Ni nyota, naam. Duara moja kubwa na manane madogo huwakilisha jua, mwezi, sayari tano zinazoonekana kwa macho, na vile viwili visivyoonekana ambavyo wazee wetu wa falaki waliviita Rasi na Dhanabu, vinavyohusishwa na kupatwa kwa jua na mwezi. Ukoo wa Chiba, ambao ulimwabudu Myoken, mungu wa nyota ya kaskazini na zile saba zinazoizunguka, uliichukua alama hiyo pamoja na ya mwezi na nyota, na mji wa Chiba hadi leo una nembo iliyotokana nayo. Wenye nyota tatu, kama ukoo wa Mori, wamechukua nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja katikati ya kundi la Jabari.

Alama hizo hazikuwa pambo tu. Mwaka 1747, ndani ya ngome ya Edo, mji ambao leo ni Tokyo, Hosokawa Munetaka, mtawala wa Kumamoto, aliuawa kwa upanga alipokuwa ameenda msalani. Muuaji, Itakura Katsukane, hakuwa na ugomvi naye. Alikuwa akimwinda mkuu wa ukoo wake mwenyewe, na inasemekana alipoona maduara tisa mgongoni alidhani ndiye, kwa sababu alama za koo hizo mbili zilifanana. Itakura aliamriwa kujiua. Ukoo wa Hosokawa nao uliyatenga maduara madogo mbali na lile kubwa, na mtindo huo bado unajulikana kwa jina lao.

*Mhariri, nasikia Wajapani wana siku ya nyota mwezi wa Julai, kama sisi tulivyo na Mwaka Kogwa. Ni ya nini? Na nyota zao tunaweza kuziona huku? — Bi. M., Makunduchi*

Siku hiyo inaitwa Tanabata, Bi. M., na kisa chake kilitoka China. Binti mfumaji, Orihime, aliolewa na mchunga ng'ombe, Hikoboshi, na mapenzi yao yakawasahaulisha kazi hata kitambaa kikakosekana na ng'ombe wakazagaa. Baba wa binti aliwatenganisha kwa mto, ambao ni ule ukanda mweupe unaokatiza anga, akawaruhusu kuonana usiku mmoja tu kwa mwaka, wa tarehe saba ya mwezi wa saba. Katika diwani ya kale kabisa ya mashairi yao, ya karne ya 8, mashairi takriban 130 yanahusu usiku huo. Siku hizi watu huandika maombi kwenye vikaratasi vya rangi na kuvifunga kwenye matawi ya mianzi.

Serikali ya Japani ilipoacha kalenda ya mwezi na kuanza kuhesabu kwa kalenda ya kizungu tarehe 1 Januari 1873, siku hiyo ilihamishiwa tarehe 7 Julai, katikati ya majira ya mvua, na kwa hiyo miaka mingi wapenzi hao hufunikwa na mawingu. Kwa maoni yangu mji wa Sendai una busara zaidi, kwani huiadhimisha mwezi wa Agosti.

Nyota zenyewe mnaziona vizuri, pengine kuliko wao, kwa kuwa Julai na Agosti kwetu ni kipupwe na anga ni safi. Katikati ya Agosti, saa tatu na nusu usiku, elekea kaskazini: nyota nyeupe kali iliyo nusu ya anga ni mfumaji, na mchunga ng'ombe yuko juu zaidi kulia kwake, ng'ambo ya ukanda mweupe. Nyota saba za Myoken huonekana upande wa kaskazini mwezi wa Mei na Juni baada ya Isha, ila nyota ya kaskazini yenyewe hatuioni kamwe, kwa sababu sisi tuko kusini mwa Ikweta nayo iko chini ya upeo wetu.

Ukipenda kuona vita vya Wajapani mbinguni, subiri kaskazi. Koo mbili, Heike wenye bendera nyekundu na Genji wenye bendera nyeupe, zilipigana kuanzia mwaka 1180 hadi 1185, na watu wa mkoa wa Gifu walizipachika majina hayo nyota mbili kubwa za Jabari, moja nyekundu na moja nyeupe, zinazotazamana kutoka pande mbili za zile nyota tatu. Mwezi wa Februari baada ya Isha kundi hilo hupita karibu utosini mwetu: Heike watakuwa upande wa kaskazini, na Genji, walioshinda, upande wa kusini.